Jiwe la Wenye Mwanya

Kila Jumamosi wasichana wa shule ya masista tulikutana ziwani kufua. Hakuna aliyetukusanya. Kila mmoja alitumwa na mama yake na rundo la nguo na kipande cha sabuni ya mche, lakini tulijua kupatana tufike saa zile zile, jua likishapasha mawe na kabla upepo wa mchana haujaanza kuzitia nguo zetu mchanga. Mwanza ina mawe kila mahali, na pale petu palikuwa na moja kubwa lililolala nusu majini nusu nchi kavu, mgongo wake bapa kama wa ng'ombe aliyeshiba. Juu ya jiwe lile walikaa wenye mwanya. Sisi wengine tulikaa chini na mapovu yetu.

Sikumbuki nani aliweka sheria hiyo. Nadhani ilijiweka yenyewe siku alipofika yule binti wa kutoka Bukoba. Baba yake alikuwa karani bomani, wakaja kwa meli na magodoro na baiskeli na masanduku ambayo mtaa mzima ulikwenda gatini kuyatazama yakishushwa. Alikuwa na umri wetu, miaka kumi na minne au mitano, ila alitembea kama mtu aliyekwisha kuamua mambo yake. Viatu alikuwa navyo. Sisi tusiokuwa navyo tungevivaa hata kulala, lakini yeye akitoka tu darasani alivivua, akavibeba mkononi na kupita mchangani peku kama sisi. Nikiwaza sasa naona ulikuwa ujanja mkubwa. Alituonyesha kwamba anavyo, na papo hapo akatuonyesha kwamba havimbabaishi.

Akicheka, alicheka polepole, na katikati ya meno yake ya juu ulionekana mwanya mwembamba ulionyooka, wa kuzaliwa nao. Wavulana wa mtaani walikuwa wakipunguza mwendo kwa ajili ya mwanya ule. Hata mama zetu waliusifu. Pale jiweni alikuwa na mchezo wake: hujaza maji mdomoni, husimama ukingoni, kisha huyapitisha mwanyani yakatoka uzi mmoja mrefu mpaka jiwe la pili, alipopenda kukaa mnandi akianika mabawa. Ndege akishtuka na kuruka, jiwe zima hupiga kelele. Wasichana wengine watatu au wanne waliokuwa na mwanya walipanda kujaribu, wakabaki huko huko. Hawakuwa wameota mwanya jana, walikuwa nao siku zote, lakini ghafla ukawa tiketi.

Mimi meno yangu yalibanana kama punje za hindi. Mama yangu, Mkerewe, aliyaringia sana kwa sababu yalikuwa ya kwao. Mgeni akija nyumbani aliniambia nicheke ayaone. Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliyachukia, na sisemi hivi kwa kutia chumvi: niliyachukia kama mtu anavyomchukia ndugu anayemwaibisha. Sikutaka viatu wala baiskeli. Nilitaka kukaa juu ya lile jiwe, nijaze maji mdomoni, na mnandi aruke kwa ajili yangu.

Basi nikaanza kuyatengenezea njia. Nilichomeka kijiti cha kiberiti katikati ya meno mawili ya mbele nikakibana usiku kucha, na asubuhi sikukiona tena. Ama nilikimeza ama nilikitema usingizini. Nikajaribu kipande chembamba cha mwanzi, nikatoka damu. Nikajaribu uzi wa katani, nikiuvuta mbele na nyuma kama fundi wa msumeno. Meno yalikubali kuachana kidogo, nikakimbilia kwenye kioo cha baba cha kunyolea, nikafurahi, na ilipofika jioni yalikuwa yamekwisha kurudiana.

"Una nini mdomoni kila saa?" mama akauliza. "Unacheua?"

Nikasema nina kipande cha nyama. Akasema nyama tulikula wiki iliyopita.

Mwezi wa sita shule ilipofungwa, baba alinipeleka kwa mama yake kama kila mwaka, kusaidia kuvuna pamba. Bibi aliishi ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Tulidandia lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, likatushusha Kigongo, tukavuka kwa mtumbwi hadi Busisi, na kutoka hapo ni miguu tu mpaka jua linakaribia kuzama. Baba alilala siku moja akarudi kazini kwake gatini, mimi nikabaki.

Bibi yangu alikuwa mwanamke mfupi, mweusi, mwenye bangili za shaba mkono wa kushoto na kaniki iliyopauka. Alikuwa akisema nami Kiswahili kwa sababu Kisukuma changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Nyumbani kwetu, kwa kuwa baba na mama walitoka makabila mawili, Kiswahili ndicho kilichotulea. Kiswahili cha bibi kilikuwa na l badala ya r kila mahali, na mtu akimsahihisha alicheka. Alikuwa na cheko kubwa. Aliinua kichwa, akafungua mdomo wote, akapiga paja, na kuku waliokuwa karibu walisogea.

Alasiri wanawake wa jirani walikuja uani kwake kutenga pamba, nyeupe upande huu, ya manjano upande ule. Nilikuwa nimekaa katikati yao, nimenuna kwa kuwazia jiwe langu, pale mmoja aliposema jambo kuhusu mume wa mwenzake na wote wakaangua kicheko kwa pamoja. Nikainua macho. Vinywa vyote vilikuwa wazi, na kila kinywa kilikuwa na mwanya.

Nilikuwa nimemwona bibi tangu nizaliwe. Nilijua kwamba wazee wa Kisukuma walichongwa meno, kama mtu anavyojua kwamba wazee wana mvi. Lakini sikuwahi kuutazama ule mwanya kama mwanya. Siku ile, jua likiwapiga usoni, niliona kitu kile kile nilichokuwa nakitafuta kwa vijiti vya kiberiti.

"Bibi," nikamwuliza wenzake walipoondoka, "mwanya wako ulizaliwa nao?"

"Kuzaliwa nao?" Akacheka. "Wa kuzaliwa ni wa bule tu, mtu hajaufanyia kazi. Huu niliukalia."

Akanieleza. Wakati wa usichana wake hakuna aliyekwenda ngomani na meno mazima. Wenzake wangemwambia ana mdomo wa mtoto mchanga. Dada yake alipangiwa kuchongwa, yeye akaambiwa asubiri akue, naye akalia na kukataa chakula mpaka baba yao akachoka akasema wachongwe wote wawili. Wakakaa chini ya patasi siku moja. Dada alipiga yowe, yeye hakutoa hata mguno, na mwaka mzima vijana walilitaja jambo hilo katika nyimbo zao. Alipofika hapo aliangalia mikono yake yenye nyuzi za pamba, na nilimwona akiwa msichana kabisa, tena mwenye maringo.

"Na mimi nataka," nikasema.

Aliweka chini pamba aliyoishika. Kisha akaniuliza kwa Kisukuma, akarudia kwa Kiswahili: nataka nini? Nikamwambia nataka kuchongwa kama yeye. Maneno hayo mawili ya mwisho niliyaongeza ili akubali. Hayakuwa na uzito wowote kwangu.

Bibi akaanza kulia. Hakulia kwa huzuni. Alijifuta kwa kaniki, akasema watoto wake wote walibatizwa wakakataa, na wajukuu hata hawaulizi. "Nilijua mdomo huu utazikwa peke yake," akasema. Akauliza kama mama yangu anajua. Nikasema anajua na hana neno. Uongo huo ulinitoka bila kukwama popote.

Habari ilizunguka kijiji kabla giza halijaingia. Mjukuu wa mjini, msomi wa masista, ameomba mwenyewe kuchongwa. Wanawake walikuja kunitazama. Mmoja aliniletea yai, mwingine maziwa ya mgando. Mchongaji alikuwa mhunzi mzee wa majembe ambaye hakuwa amefanya kazi ile kwa miaka mingi. Alikwenda akaitafuta patasi yake ndogo, akarudi nayo imefungwa katika ngozi ya mbuzi, akakaa siku nzima akiinoa.

Asubuhi yake wakapindua kinu, wakanikalisha juu yake. Bibi alikaa nyuma yangu kwenye kigoda kirefu, akanilaza kichwa kifuani kwake, akanishika mashavu kwa viganja viwili. Vilinukia pamba na moshi. Wakanipa kijiti ning'ate pembeni. Mhunzi akasema neno la kunituliza, akaweka ncha ya patasi, akagonga.

Sauti ile haikupita masikioni, ilianzia ndani ya fuvu. Nilisikia kitu kikiruka kikaanguka ulimini, nikakitema. Akahamia jino la pili. Machozi yalinitoka yenyewe, lakini koo sikulifungua. Nilikuwa nawaza mnandi akiruka. Nilisikia moyo wa bibi ukinigonga kisogoni kwa kasi kuliko wangu, na mhunzi aliposema basi, vigelegele vilipasuka uani kote. Bibi alinigeuza, akanitazama mdomoni, akavua bangili moja ya shaba akanivisha. "Hata mguno!" akawaambia watu wote. "Hata mguno!"

Alichinja kuku ambaye sikuweza kumtafuna. Kwa siku nyingi nilikunywa uji wa ulezi uliopoa, na upepo ukipita kwenye meno nilihisi mpaka kisogoni. Lakini nilikuwa na furaha, na bibi alikuwa na furaha, na kwa wiki zile mbili tatu tulitenga pamba bega kwa bega kama marafiki. Alinifundisha kucheka. Kweli kabisa, alinifundisha: inua kichwa, usiume mdomo, uache watu waone kazi.

Nyumbani kwa bibi hapakuwa na kioo.

Kioo cha kwanza nilikikuta Kigongo, nikirudi na baba. Kilikuwa kile cha pembeni mwa lori. Baba alikuwa anaongea na dereva. Alipokuja kunichukua kwa bibi nilikuwa nimejifunga kitambaa mdomoni kwa kisingizio cha vumbi, na bibi kwa furaha yake hakumwambia kitu. Alitaka nimwonyeshe mwenyewe. Nikapanda kwenye kikanyagio, nikashusha kitambaa, nikachekea kile kioo.

Haukuwa mwanya wa yule binti wa Bukoba. Wake ulikuwa mstari. Wangu ulikuwa mlango wa kibanda, mpana chini na umechongoka juu, pembe za meno mawili zimekatwa. Ulikuwa mwanya wa bibi yangu umewekwa kwenye uso wangu. Sijui nilitegemea nini kingine. Nilikuwa nimemwona mhunzi, nilikuwa nimetema vipande, na bado kichwani mwangu nilikuwa nimebeba mwanya wa mtu mwingine muda wote.

Mama alipouona aliketi chini pale pale mlangoni. Hakunipiga. Aliuliza, "Nani amekufanyia hivi?" akauliza tena na tena bila kungoja jibu, maana alikuwa anawaza yale meno ya kwao. Baba alinishika kidevu akanigeuza upande wa taa. "Umefanana na mama yangu," akasema, akatoka nje, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Jumamosi ilipofika nilikwenda ziwani mdomo umefungwa. Nilifua nguo zote bila kusema neno. Wasichana waliniuliza kama ninaumwa. Nilijua haiwezekani kufunga mdomo maisha yote, na pia, kwa ujinga, bado nilikuwa na tumaini kidogo. Mwanya ni mwanya, nilijiambia. Nikajaza maji mdomoni nikatema kuelekea ziwani. Hayakutoka uzi. Yalinimwagikia kidevuni na kifuani.

Mmoja akaona. "Jamani, amechongwa! Kama vibibi vya shamba!"

Wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka, maana hata mimi ningecheka. Yule binti wa Bukoba hakucheka. Alishuka jiweni na viatu vyake mkononi, akaviweka chini, akanishika kidevu kama baba alivyonishika, akanitazama kwa makini. Macho yake yalikuwa na huruma ya kweli. Nataka nimtendee haki hapa, kwa sababu hakuwa mtu mbaya.

"Pole," akasema. "Walikushika kwa nguvu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema la. Nilimtazama, nikatazama jiwe lile na wale waliokaa juu yake, wote sasa wakisubiri, nikatikisa kichwa kukubali.

"Nani?"

"Bibi," nikasema. "Na wanawake wa huko."

Akanishika mkono akanipandisha juu. Wakanipisha nafasi. Mmoja alinifuta kidevu kwa kanga yake, mwingine akaniuliza kama nililia, nikasema nililia sana. Jiwe lilikuwa la moto, na ukiwa juu yake uliona mbali. Ulikuwa unaona gati, ulikuwa unaona mitumbwi ya wavuvi mpaka kisiwani. Tangu siku hiyo mahali pangu palikuwa pale. Sikuwahi kutema maji kumlenga mnandi, lakini hakuna aliyenitaka nifanye hivyo. Mimi nilikuwa yule aliyeshikwa, na nikisimulia kila mtu alisogea karibu. Kila Jumamosi nilimwongezea bibi ukali kidogo. Nilijifunza pia kuweka mkono mdomoni nikicheka, vidole vinne vimelala juu ya mdomo hivi, na yule binti akasema inanipendeza, na baada ya muda nikaona hata wengine wenye meno mazuri wakifanya hivyo. Hapo ndipo nilipofika juu kabisa kwa maringo maishani mwangu. Sijawahi kufika tena.

Bibi alikuja mjini mvua za vuli zilipokaribia. Hakuwa na kawaida ya kuja, aliogopa mtumbwi. Baba alipoulizwa sababu alisema mama yake anasema amenikumbuka. Alifika na kikapu cha michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo nilivipenda, na alikuwa amevaa kanga mpya juu ya kaniki. Mimi nilikuwa nimekwisha kwenda kufua. Mama alimwambia apumzike anisubiri. Akasema hapana, aonyeshwe njia, atanifuata huko huko.

Nilimwona akishuka kati ya mawe, kikapu kichwani, akiweka mguu taratibu kama mtu anayevuka mto. Nikajua ni yeye kabla sijaona uso. Ningeweza kushuka kumpokea. Wasichana wote wa Mwanza, wa mwanya na wa bila mwanya, wakimwona bibi amebeba mzigo humkimbilia kuupokea. Mimi sikuinuka.

"Shikamoo bibi," wasichana wakamwamkia kwa adabu zao.

"Malahaba, malahaba, wajukuu wangu. Hawa ndio lafiki zako?" Alitua kikapu, akanitazama huku uso umemchanua. "Cheka, bibi akuone. Cheka wakuone!" Na yeye mwenyewe akainua kichwa akacheka kunionyesha namna, mdomo wazi, kazi yote ya mhunzi wa zamani ikionekana mbele ya jua.

Mkono wangu ulikwenda mdomoni peke yake. Ulikuwa umezoea.

Yule binti wa Bukoba akasimama. Alikuwa ameisikia hadithi yangu Jumamosi nyingi na nadhani alikuwa ameiwekea hasira kwa niaba yangu. Lakini alilelewa vizuri, akapiga goti kidogo kwanza.

"Bibi, samahani," akasema. "Kwa nini mlimshika kwa nguvu mkamchonga? Alikuwa analia."

Bibi hakuelewa mara ya kwanza. Alifikiri Kiswahili ndicho kimempita, akatabasamu, akamwomba arudie. Msichana akarudia, polepole, kwa sauti ile ya huruma. Nikaona maneno yakimfikia bibi moja moja. Akanitazama. Ningependa kusema alinitazama kwa hasira, ingekuwa nafuu. Alinitazama usoni, kisha akautazama mkono wangu uliofunika mdomo, akautazama kitambo, na macho yake yakashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono ambacho hakikuwa na bangili.

"Ushamba, mjukuu wangu," akamwambia yule binti. "Sisi watu wa zamani tulikuwa hatujui." Akavuta upindo wa kanga yake mpya, akajifunika mdomo.

Kisha akawagawia michembe. Alipita kwa kila mmoja, waliokaa juu na waliokaa chini, akiwawekea viganjani, na hakuacha hata mmoja. Wakala, wakasema ni mitamu. Tulirudi nyumbani yeye mbele mimi nyuma na beseni la nguo. Njiani alinipa habari za ng'ombe aliyezaa na za yule jirani na mume wake, habari ambazo mwezi wa sita zilituchekesha mpaka tukamwaga pamba. Nilisubiri aseme neno moja kuhusu lile jambo. Hakusema.

Jioni baba alimtania mama yake kuhusu mtumbwi, jinsi alivyomshika mpiga kasia shingoni. Bibi akacheka, na kabla cheko halijatoka upindo wa kanga ulikuwa mdomoni.

"Jino linauma, mama?" baba akauliza.

"Kidogo," bibi akasema.

Mimi nilikuwa napakua ugali. Niliendelea kupakua.

Nilikaa juu ya jiwe lile mwaka mmoja zaidi. Kisha karani akahamishwa, meli ikambeba yule binti na viatu vyake, na baada ya hapo tukaanza kuolewa mmoja mmoja. Sijui hata mmoja wao yuko wapi. Jiwe lenyewe bado lipo, na siku hizi wanaanikia dagaa. Meno yangu mawili yaliyochongwa yalitangulia kuwa meusi, nikang'olewa moja nikiwa na mtoto wa kwanza tumboni, la pili likafuata. Mama, Mungu amrehemu, hakulizoea pengo lile mpaka anakufa.

Baada ya kuolewa nilikuwa nakwenda kwa bibi kila msimu wa pamba, mtoto mgongoni. Nilikwenda kwa sababu nilimpenda, na pia kwa sababu nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia. Safari moja nilikaribia boma lake mchana, nikasikia cheko lake kabla sijaona paa. Lilikuwa lile lile la zamani, la kuwasogeza kuku. Nikasimama nyuma ya uzio wa minyaa kulisikiliza. Kati ya matawi nilimwona na wenzake wachache waliobaki, wamezunguka pamba, kichwa amekiinua, mdomo wazi wote. Nilifurahi hata nikajisahau, nikaita hodi kwa sauti.

Akageuka, akanitambua, na kanga ikapanda mdomoni.

Nikaingia, nikamwamkia, nikapiga magoti mbele yake. Nilishika ule mkono wenye kanga. "Bibi, ushushe," nikamwambia. "Hapa hakuna msichana wa mjini. Ni sisi tu."

"Si wewe upo?" akasema.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa kutania, na kwa kuwa lilikuwa neno la kuchekesha wenzake wakacheka, naye akacheka nao, mkono ukiwa pale pale. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampakata, nikakaa katikati yao nikaanza kutenga pamba.